Kalenda ya jikoni: kisa cha dada wa kazi aliyekuwa akichelewa

Majina yote katika kisa hiki yamebadilishwa. Mtaa, shule na ofisi zinazohusika hazitajwi, na mambo madogo ambayo yangemfanya jirani aitambue familia yameondolewa. Niliitwa kama mtu wa tatu, kwa kuwa kazi yangu ni ya utumishi na shangazi wa familia ananifahamu. Nimeruhusiwa na pande zote mbili kukiandika, kila upande kwa sharti lake: Mama Junior alitaka ieleweke kwamba yeye hakuwa mtesaji, na Zawadi alitaka ieleweke kwamba yeye si mvivu.

Usuli

Familia inaishi pembezoni mwa Dar es Salaam, sehemu ambako maji ya bomba huja kwa mgao. Baba Junior anasimamia mizigo na hurudi nyumbani kati ya saa 4 na saa 6 usiku. Mama Junior anafanya kazi katikati ya jiji, na ili kuikwepa foleni hutoka kabla ya saa 12 asubuhi. Watoto ni wawili: Junior wa darasa la pili, na mdogo wake wa mwaka na nusu ambaye hushinda na dada.

Zawadi ana miaka 22. Ametoka kijijini mkoani Iringa, akaletwa na dalali, yule mama anayejulikana kwa kuwatafutia watu wasichana wa kazi. Wakati haya yanaanza alikuwa na mwaka mmoja na ushee katika nyumba hiyo. Mshahara wake ulikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Kula na kulala juu ya mwajiri. Karatasi hakuna. Siku ya kwanza aliambiwa mshahara wake, akaambiwa wageni hawatakiwi, simu isishikwe mtoto akiwa macho, na Jumapili atapumzika baada ya chakula cha mchana. Saa ya kuamka haikutajwa, na ya kulala haikutajwa pia.

Mwaka huo wa kwanza ulipita vizuri mno. Mama Junior alikuwa akimsifu mpaka kwenye vikao vya harusi, na mwenye kuijua Dar anajua kwamba kumsifu dada wako mbele ya akina mama wengine ni kuwaalika waje kumchukua.

Mambo yalivyokwenda

Januari Junior alihamishiwa shule nyingine, ya mbali zaidi. Basi la shule ya kwanza lilikuwa likipita saa 12:30 asubuhi. La shule mpya linapita saa 11:40 alfajiri, na halisubiri. Mama Junior alimwambia dada jioni moja wakiwa jikoni: "Zawadi, kuanzia Jumatatu basi linapita mapema, uwe unaamka saa kumi." Akajibiwa: "Sawa mama." Mazungumzo juu ya mabadiliko hayo yaliishia hapo.

Saa 10 alfajiri ndiyo saa ambayo Zawadi alitakiwa kuanza kubandika maji ya kuoga, uji wa mdogo na chai, kisha amwamshe Junior, amwogeshe, amvishe, amfungie chakula na kumpeleka mpaka barabarani. Wiki za mwanzo aliweza. Februari ikaanza kumshinda. Siku ya kwanza aliamka saa 11:15. Junior akapanda basi hajanywa chai. Safari ya pili basi likaondoka, Mama Junior akamkimbiza mtoto kwa bodaboda hadi kituo cha mbele, akafika kazini amechelewa. Ikawa hivyo tena. Naye ofisini aliitwa akaulizwa. Hili ni la kukumbukwa katika yote yanayofuata: kwa Mama Junior kuchelewa kwa Zawadi hakukuwa jambo la adabu tu. Kulikuwa kunamgharimu nauli, na kulikuwa kunaelekea kumgharimu kazi.

Kila alipoulizwa, Zawadi alikuwa na jibu moja: "Samahani mama, nilipitiwa."

Hatua ya kwanza ikawa maneno. Ya pili ikawa simu. Mama Junior aliamini dada analala na simu, anachati mpaka usiku wa manane, kwa hiyo akaamua simu ikabidhiwe chumbani kwake kila saa 3 usiku. Kilichosahaulika ni kwamba simu hiyo ndiyo iliyokuwa na kengele ya kumwamsha. Wiki iliyofuata alichelewa zaidi, na hilo likachukuliwa kuwa kiburi.

Hatua ya tatu ikawa makato. Mama Junior alichukua kalenda iliyotundikwa jikoni, akasema kila siku ya kuchelewa itawekwa alama ya X kwa kalamu nyekundu, na kila X ni shilingi 2,000. Machi iliisha na X 7. Zawadi alipokea 86,000. Hakusema kitu, akahesabu, akashukuru.

Aprili makato yakaonekana kama yanafanya kazi. X zikapungua. Zawadi alikuwa anaamka saa 10 kila siku, hata zile siku ambazo mwili ulikuwa haujaamka naye. Ijumaa moja akabandika uji, akakaa kwenye kigoda kuusubiri, usingizi ukamchukua. Uji ukafura, ukamwagika, ukazima moto, na gesi ikaendelea kutoka kwenye jiko huku madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya mvua za masika. Baba Junior aliamshwa na harufu. Alizima mtungi na kufungua milango kabla mtu yeyote hajawasha kiberiti wala taa. Hakuna aliyedhurika.

Jioni hiyo hiyo wakakata shauri kwamba Zawadi arudishwe kwao. Dalali alipigiwa simu, akasema anaye mwingine, ada yake ni ile ile, na nauli ya kutoka Iringa ni juu yao.

Aliyesimamisha mambo ni shangazi, dada mkubwa wa Baba Junior, aliyekuja Jumamosi kuwapa pole. Alisikiliza habari yote, akauliza swali moja: "Na huyo mpya mtamlaza saa ngapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Ndipo akanipigia simu.

Kikao

Tuliamua kwanza kuzungumza na Zawadi peke yake, mimi na shangazi, kibarazani. Sababu ni ya kawaida kabisa: msichana wa umri wake, aliyelelewa kwa shikamoo, hawezi kujieleza mbele ya baba mwenye nyumba. Akijieleza ataonekana anajibizana. Angekubali kila kosa ili kikao kiishe.

Wala hatukumuuliza kwa nini anachelewa. Swali hilo alikuwa ameulizwa miezi mitatu na jibu lake tulikuwa tunalijua. Shangazi alimwomba atusimulie jana yake, tangu alipofumbua macho hadi alipolala, bila kuruka hata kufagia uwanja. Nikawa naandika.

Siku yake ilianza saa 10 alfajiri na kuisha saa 6 usiku. Asubuhi ni Junior na basi. Kisha mdogo, vyombo, kudeki, kufua kwa mikono, chakula cha mchana. Kati ya saa 7 na saa 8:30 mchana mdogo hulala, na hapo ndipo Zawadi alipokuwa akipiga pasi. Jioni ni kumpokea Junior, kuwaogesha wote wawili, chakula cha usiku. Saa 3 wenye nyumba wengine wameshakwenda kulala. Yeye alibaki sebuleni kumsubiri baba, amfungulie geti, ampashie chakula moto, aoshe sahani, ndipo alale.

Niseme kwa haki: hakuwa akifanya kazi saa 20 mfululizo. Zilikuwapo saa za kukaa, za kutazama tamthilia, za kupiga soga na jirani ukutani. Lakini hakuwa na saa hata moja ambayo angeweza kusema ni yake na hakuna atakayemwita. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa majumbani, namba 189 wa mwaka 2011, unaigusa hali hii moja kwa moja: muda ambao mfanyakazi hayuko huru kuutumia apendavyo kwa kuwa yuko tayari kuitwa, unahesabika kuwa wa kazi, kwa kadiri sheria za nchi zitakavyoweka. Kumsubiri baba kwenye kochi ni kazi, hata kama televisheni inawaka.

Hadi hapo tulikuwa na maelezo ya uchovu. Hatukuwa bado na maelezo ya kuchelewa, maana usingizi wa saa 4 tu kwa usiku ulikuwa wa kila siku, na X hazikuwa za kila siku. Nikaomba kuiona kalenda.

Kati ya X 7 za Machi, 6 zilikuwa Jumanne au Ijumaa. Za Februari hazikuandikwa. Ya gesi ilikuwa Ijumaa. Tuliporudi sebuleni na wote wakakaa, niliiweka kalenda mezani nikauliza Jumanne na Ijumaa kuna nini hapa nyumbani. Baba Junior alidhani ni mpira. Mama Junior aliikazia macho ile kalenda, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Maji."

Mgao wa mtaa wao huja usiku wa kuamkia Jumanne na usiku wa kuamkia Ijumaa, mara nyingi kuanzia saa 8. Anayesikia bomba linakohoa ni Zawadi, kwa kuwa chumba chake ndicho kilicho karibu na uwanja. Anaamka, anajaza madumu, mapipa na ndoo, saa moja na nusu. Analala tena saa 9:30. Nusu saa baadaye anatakiwa kuwa jikoni. Mwaka wa kwanza, basi lilipokuwa linakuja saa 12:30, ratiba hiyo ilibebeka. Basi liliposogea, usiku haukusogea nalo.

Hakuna aliyemtuma kujaza maji. Hakuna pia aliyewahi kuuliza mapipa yanajaaje. Watu wazima wawili walikuwa wakiamka kila Jumanne na Ijumaa, wanaoga maji mengi, kisha wanaweka X.

Maamuzi na sababu zake

Jambo la kwanza lilikuwa kama aondoke au abaki. Baba Junior alikuwa anaelekea kwenye kuondoka, kwa ajili ya gesi, na hofu yake ilikuwa ya haki. Tukaiweka hesabu mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu waajiriwa wote wa Tanzania Bara isipokuwa wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Dada wa kazi hayumo katika waliotolewa. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 au malipo yake. Aliyechukuliwa mahali pengine hulipiwa gharama za kurudi alikochukuliwa. Zawadi alikuwa amepita miezi 6 kazini, kwa hiyo angeweza pia kupeleka lalamiko la kuachishwa isivyo halali kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ongeza ada ya dalali, nauli ya mpya, na wiki ambazo mtoto angekuwa analia kwa mtu asiyemjua. Na baada ya yote hayo, mgao wa maji ungekuwa ule ule. Akabaki.

Pili, maji. Familia ilinunua tanki la kukaa chini na fundi akafunga koki yenye boya, lijaze na kujifunga lenyewe. Gharama ilikaribia mishahara mitatu ya Zawadi, na Mama Junior alinung'unika kwamba kuchelewa kwa dada kumemnunulisha tanki. Shangazi alimkumbusha kwamba tanki litabaki hata dada akiondoka.

Tatu, geti, na hapa ndipo kikao kilipochemka. Pendekezo lilikuwa Baba Junior awe na ufunguo wake wa mlango mdogo, na chakula chake kiachwe kwenye hotpoti. Alihamaki. "Yaani nirudi usiku wote huo nipakue mwenyewe?" Mkewe hakumtetea. Alisema kwamba na yeye angependa kulala bila kusikia honi. Sheria ile ile inataka mwajiriwa apate angalau saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Kwa anayeishi mahali pa kazi inaruhusu zishuke hadi 8, na chini ya hapo haitoi ruhusa. Kuamka saa 10 alfajiri na kupata saa 8 maana yake ni kumaliza saa 2 usiku. Baba Junior alisema hiyo ni sheria ya viwandani. Tulibishana, tukaishia mahali ambapo si pa sheria wala pa kwake: Zawadi anamaliza saa 3 usiku, mlango wake unafungwa, na pasi inahamia kwa Mama Junior siku za Jumapili, ili ule muda wa mchana mtoto anapolala uwe wa Zawadi kulala pia. Kuamka kukasogezwa hadi saa 10:30, kwa sababu uji unaweza kuwekwa kwenye chupa tangu usiku na Junior anaweza kuoga jioni.

Hiyo bado ni pungufu ya saa 8 mfululizo. Nililisema wazi na wakalisikia.

Nne, makato. Sheria hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa kosa la namna hii kwa uamuzi wake mwenyewe. Makato yanatakiwa yawe yametokana na sheria, amri halali, au deni ambalo mwajiriwa amekubali kwa maandishi likatwe. Mama Junior hakuwa anajali kifungu. Hoja yake ilikuwa nyingine: "Nikimrudishia ataona ameshinda." Tukakubaliana zirudishwe ndani ya mishahara miwili, bila hotuba. Kalenda ikatolewa ukutani.

Tano, simu ikarudi kwa mwenyewe, pamoja na kengele yake.

Kwa upande wa Zawadi hakukosa wajibu. Gesi ilikuwa jambo zito na aliambiwa hivyo. Jiko halibandikwi kitu mtu akiwa amekaa. Kama usingizi umemzidi, azime na amwamshe mama, hata kama basi litaondoka. Na yakitokea mambo ya usiku, ya mtoto kuumwa au maji kukatika, aseme asubuhi ile ile. Alikubali. Hilo la kusema ndilo lililomchukua muda mrefu kulizoea.

Jumapili

Nimeiacha Jumapili hadi sasa kwa sababu nayo ilikuwa kwenye mashtaka, na haikutibika kwa dawa ile ile.

Kanuni ilikuwa atoke baada ya chakula cha mchana na arudi saa 12 jioni. Alikuwa akirudi saa 2 usiku, wakati mwingine na nusu. Sababu zilikuwa foleni, daladala kujaa, mvua. Baada ya kikao tukaona jambo liko wazi: mtu anayetoka saa 9 baada ya kuosha vyombo, aende Mbagala kwa dada yake kwa daladala mbili, kisha arudi saa 12, amepumzikia barabarani. Sheria inataka saa 24 za mapumziko kila wiki. Familia ikampa Jumapili tangu saa 2 asubuhi. Saa ya kurudi ikabaki 12 jioni.

Akaendelea kurudi saa 2 usiku.

Mama Junior alivunjika moyo, na nadhani mtu yeyote angevunjika. Alikuwa ametoa tanki, geti, pasi na siku nzima, na bado. Alianza kusema kwamba wema hauwafai hawa. Ukweli ulitoka wiki kadhaa baadaye, tena kwa simu, kwa shangazi. Zawadi alikuwa kwenye kikoba. Kikundi hukutana Jumapili saa 9 alasiri, kila mwanachama ananunua hisa, mikopo inarejeshwa, sanduku la kufuli tatu linafunguliwa na kufungwa mbele ya wote. Anayeondoka kabla fedha hazijahesabiwa hutozwa faini. Kwa hiyo kila Jumapili alikuwa akichagua kati ya kosa la kikundi na kosa la nyumbani, na lile la kikundi lilikuwa na bei inayojulikana.

Kwa nini hakusema? Kwa mwajiri wake wa kwanza, ilipojulikana kwamba ana akiba, mwajiri aliiazima. Haikurudi. Tangu hapo alijifunza kwamba dada wa kazi mwenye fedha ni heri aonekane mzururaji.

Mama Junior aliposikia hakukasirika, aliumia. "Mimi ningemkopa?" Shangazi alimjibu kwamba Zawadi hana namna ya kujua hilo. Saa ya kurudi ikawa saa 2 usiku, na akichelewa zaidi ya hapo apige simu au abipu apigiwe. Tangu hapo amekuwa akirudi kati ya saa 1 na saa 2.

Matokeo

Hadi Junior anafunga shule Desemba, basi lilimkosa mara mbili. Mara moja Zawadi alikuwa na homa na alisema mapema. Mara moja Junior mwenyewe alijificha bafuni. Jiko halijapata tukio lingine. Baba Junior anapakua mwenyewe, na kwa maelezo ya mkewe amegundua kwamba hotpoti ikifunikwa vizuri wali unabaki wa moto hadi saa 6.

Desemba kikoba kilivunjwa, Zawadi akapata gawio lake na kuomba kwenda Iringa. Alipewa siku 14. Akarudi siku ya 18, na siku tatu kati ya nne za mwisho simu yake haikupatikana. Mama Junior alinipigia akisema ugonjwa umerudi. Mabasi ya kutoka mikoani mwanzoni mwa Januari hujaa, hilo kila mtu analijua. Lakini kujaa kwa basi hakumzuii mtu kupiga simu kabla haijaisha chaji.

Tukayatenganisha mambo mawili. Siku zenyewe hazikuwa kosa: likizo ya mwaka kisheria ni siku 28, na Zawadi alikuwa ametumia 18 tu. Kutotoa taarifa lilikuwa kosa, na alipewa onyo la mdomo mbele ya shangazi, kwa utulivu, akiwa ameketi. Alilipokea bila kulia. Shangazi aliona tofauti kubwa na makato ya Machi: safari hii alijua hasa anaonywa kwa lipi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kalenda. Mama Junior aliitengeneza iwe ya adhabu, na ikawa ndicho kitu pekee ndani ya nyumba kilichokuwa na ukweli wa siku kwa siku. Kama angekuwa amekata kwa makadirio, kama wengi wafanyavyo mwisho wa mwezi, tusingeuona usiku wa maji. Ninapendekeza kwa yeyote mwenye dada anayechelewa kuamka aandike tarehe, bila X na bila bei, wiki tatu au nne, kisha azitazame pamoja naye. Siku zikijirudia, kuna jambo la nyumbani linalojirudia. Zikitawanyika, tafuta kwingine: afya, ujauzito, msongo, au kweli simu.

Kilichofuata kwa umuhimu ni kumsikiliza bila wakubwa, na kuuliza habari za siku badala ya sababu. "Nilipitiwa" halikuwa jibu la uongo. Lilikuwa jibu kamili la mtu ambaye haoni kama kujaza maji saa 8 usiku ni jambo la kusimulia.

Makato yalishindwa kwa namna ya hatari, kwa sababu yalionekana kufaulu. X zilipungua Aprili, na kama si uji kumwagika, Mama Junior angemshauri kila shoga yake afanye vivyo hivyo. Adhabu ilimtoa kitandani. Haikuweza kumpa usingizi. Ilihamisha kuchelewa kutoka kwenye saa hadi kwenye jiko la gesi, karibu na chumba cha watoto. Yafaa kuogopa zaidi dada aliyechoka anayewahi kuliko aliyechoka anayechelewa.

Kunyang'anywa simu kulishindwa kwa sababu rahisi zaidi: mwajiri alichagua chanzo kabla ya kutafuta.

Kuna jambo la neno "mwanetu". Katika nyumba hii Zawadi alikuwa "kama mwanetu" kila ilipozungumziwa saa ya kumaliza kazi, mkataba au Jumapili. Siku ya mshahara, X zikihesabiwa, alikuwa mfanyakazi. Binti wa nyumba hakatwi 2,000 kwa kulala, na mfanyakazi hasubiri honi ya baba usiku wa manane bila malipo. Familia ilichukua ulaini wa upande mmoja na ukali wa upande mwingine, na sidhani kama ilifanya hivyo kwa hila. Nyumba nyingi za mjini zinaishi hivyo hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa chini akapanga.

Mwajiri wa ofisini anapolalamikia kuchelewa, anapimia kwenye saa mbili: ya kuanza na ya kumaliza. Hapa palikuwa na moja tu. Ndiyo maana mabadiliko ya basi yaliweza kuongeza karibu saa nzima kwenye siku ya Zawadi bila mtu kuona kwamba ameongezewa kazi.

Jumapili inafundisha kinyume chake, na nimeiweka ili mtu asidhani kila kuchelewa ni kosa la ratiba ya mwajiri. Pale muda ulitolewa kwa ukarimu na haukusaidia, kwa sababu tatizo lilikuwa kuaminiana. Zawadi alikuwa na sababu nzuri na akaificha kwa kudanganya habari za foleni, miezi mingi. Mama Junior alistahili kuambiwa. Hata hivyo siri ya aina hii haitoki kwa kuulizwa. Ilitoka baada ya zile 14,000 alizokatwa Machi kurudi mkononi mwake, na sidhani kama ilikuwa bahati tu.

Yaliyobaki

Saa za Zawadi bado zinazidi 45 kwa wiki ambazo sheria inaziita za kawaida, na zile za ziada, ambazo hulipwa mara moja na nusu, hazilipwi. Badala yake mshahara ulipandishwa Januari. Ni nafuu kwake, lakini si hesabu ile ile, na familia inalijua hilo.

Maelezo ya ajira kwa maandishi, ambayo kila mwajiri anatakiwa kumpa mwajiriwa, niliwaandikia katika ukurasa mmoja: kazi, saa, mshahara, mapumziko, likizo. Hayajasainiwa. Baba Junior anasema karatasi zitaharibu undugu. Shangazi alipomuuliza Zawadi, alisema yeye yuko tayari, ila angependa nakala yake ikakae kwa dada yake Mbagala.